Anayemwogesha Baba

Homa Bay,
2 Machi 2025

Kwako Frankline,

Nakusalimu wewe na Linet, na Bravin na Valary. Huku tunaendelea. Mguu wa shemeji yako umeanza kupona. Ndani ya nyumba anatembea bila mkongojo, ila nje bado anaogopa. Hapa shuleni tetekuwanga imeingia bweni la kidato cha kwanza, na matron ni mimi, kwa hivyo tangu Jumatatu kazi yangu ni kupaka wasichana dawa na kuwazuia wasijikune.

Usishangae kuona karatasi. Simu zako naziona zikilia na sizishiki. Siku ile baada ya mazishi tulizungumza kwenye simu kwa hasira, na hata sasa sijui yote niliyokuambia. Kwenye karatasi angalau nitapata nafasi ya kufuta. Bashir, yule mwenye duka hapo Sori, huja Homa Bay na pikapu yake kuchukua bidhaa. Amekubali kubeba barua zetu. Zako aziache kwa dada yake, Habon, anayeuza nguo karibu na stage ya matatu.

Jambo langu ni hili. Siku tuliyomzika mama, yule msomaji alisimama akasema, "Alikuwa mke mwaminifu, mama mwenye upendo na nyanya aliyewapenda wajukuu wake." Sentensi moja, Frankline! Halafu kipaza sauti kikachukuliwa na wanasiasa mpaka jua likatuchoma. Watu wakaondoka wakijua zaidi mambo ya uchaguzi kuliko mambo ya Mong'ina mama yetu. Mimi sikulala siku ile.

Desemba tutakuwa na ibada ya ukumbusho. Nimeamua nitaandika maisha yake mimi mwenyewe na kuyasoma mbele ya watu. Wewe ndiye uliyekaa naye miaka ya mwisho. Niandikie unayokumbuka, hata madogo.

Na baba? Yule mwanamume tuliyemwajiri, anamwogesha vizuri? Linet hawezi, ni mkwe. Mimi siwezi, ni binti. Wewe uko ziwani nusu ya wiki. Niambie ukweli.

Dadako,
Filister


Sori,
23 Machi 2025

Dada Filister,

Tumepokea salamu, na sisi tunakurudishia. Linet amepanda mahindi upande wa chini, na mvua ikaja siku iliyofuata kana kwamba walikuwa wamepatana. Bravin ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kupitia pengo lile kutwa. Valary bado anaamka asubuhi na kwenda kugonga mlango wa nyanya yake, Dani. Tumemwambia. Anasikiliza, halafu kesho yake anaenda tena.

Kuhusu mama, wewe unajua mengi kuliko mimi, lakini niandike ninayoyajua. Alikuja hapa kutoka Kisii akiuza ndizi za kupika. Baba alikuwa anauza samaki meza inayofuata. Hakujua Kijaluo, na baba hakujua Kikisii, wakabishana bei kwa Kiswahili, na ndiyo sababu mimi na wewe mpaka leo tunaandikiana hivi. Wanawake wa hapa walimcheka alivyotamka maneno yao. Alicheka pamoja nao, na mwisho wakaanza kumwita wakati mtoto anapokataa kuzaliwa.

Unakumbuka baba alipopooza? Daktari wa Migori alisema asilale upande mmoja zaidi ya saa mbili. Mama hakuwa na saa. Alikuwa akimgeuza kila alipomaliza kazi moja: amepepeta mtama, anamgeuza, ameosha vyombo, anamgeuza. Baba hakuwahi kupata kidonda hata kimoja wakati wa mama.

Baba hajambo. Anakula. Jana alimaliza ngege mzima akiwa ametolewa miiba, na akaomba mchuzi. Vidonda vya mgongoni vinakauka.

Mashine za boti za kutengeneza zimekuwa nyingi mwezi huu, kwa hivyo nakomea hapa.

Ndugu yako,
Frankline


Homa Bay,
13 Aprili 2025

Frankline,

Tumefunga shule, wasichana wamekwenda kwao na bweni limekuwa kimya mpaka nasikia bomba likidondosha maji. Shemeji yako anakusalimu. Amefika mpaka kanisani kwa miguu yake.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Ile ya ndizi nimeiweka kwenye maisha ya mama. Lakini kuna mengine yamenikaba.

Vidonda gani? Mama alipokufa baba hakuwa na kidonda. Unaniambia vinakauka, na hukuniambia vilianza lini. Halafu unasema amekula ngege aliyetolewa miiba. Yule mwanamume ndiye alikaa akatoa miiba? Mtu aliyekuwa akimwinua baba kama gunia mbele ya macho yangu?

Na kuna hili la tatu. Bashir alipoleta barua alinishika mkono akaniambia, "Mama yenu mdogo anakusalimu. Juzi alinunua sabuni ya maji na mafuta ya kupaka mgonjwa." Nikamwambia hatuna mama mdogo. Akanitazama, akasema labda amekosea, akaenda kupakia unga wake.

Bashir si mtu wa kukosea wateja wake. Mama mdogo gani?

Filister


Sori,
18 Mei 2025

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilikata barabara kule kwenye daraja na Bashir hakusafiri. Halafu Valary alishikwa na malaria, tukalala naye hospitalini Migori. Sasa amepona, anakula na kugombana na kaka yake. Linet amekutumia omena waliokaushwa vizuri. Uwaanike tena kidogo ukiwapokea.

Bashir amesafiri mara moja kabla ya leo. Barua hii ningeweza kuituma wakati huo. Niliiandika nikaichana.

Achieng yuko hapa nyumbani.

Alikuja katikati ya Machi na beseni na mfuko mmoja. Yeye ndiye anayemwogesha baba.

Frankline


Homa Bay,
25 Mei 2025

Frankline,

Omena wamefika. Mwambie Linet asante. Valary apewe maziwa.

Sasa nisikilize. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu baba alipomleta Achieng. Wewe ulikuwa unanyonya kidole. Hukuona. Mama, mke mkubwa, mikayi wa boma lile, aliamka akapika chakula cha wageni waliokuja kumpokea mke mwenzake. Nilimpelekea kuni. Nikamkuta amegeukia ukuta wa jikoni, moshi wote unampiga usoni, na hasogei. Nikamwita. Akasema, "Weka hapo, kuni ni mbichi." Kuni zilikuwa kavu, Frankline. Nilizikata mimi.

Miaka mitano tulikaa na yule mwanamke. Halafu siku moja akabeba vitu vyake akaenda Osiri kwenye migodi ya dhahabu, kwa wanaume wenye pesa za haraka. Ndivyo tulivyoambiwa. Baba alipopooza hakuja kumwona. Mama alimbeba mgongoni mpaka uzito wake ukamla. Sasa mama yuko chini ya udongo, na huyu amepata njia ya kurudi.

Sitaki. Ibada ni tarehe kumi na tatu Desemba. Ndugu za mama watakuja kutoka Kisii, kanisa litakuja, mimi nitasimama kusoma maisha ya mama. Sitasoma nikimwangalia Achieng amekaa mbele na leso nyeusi. Awe ameondoka kabla ya siku hiyo. Akiwa bado yuko, mimi sitakuja, na nitamwambia Mjomba Ratemo kwa nini.

Nijibu swali moja tu: analala wapi? Analala kwenye kitanda cha mama?

Filister


Sori,
15 Juni 2025

Dada Filister,

Hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni. Bravin amekuwa wa nne darasani na anataka ujue. Linet alilia aliposoma barua yako, kwa hivyo sikumwonyesha ukurasa wa pili.

Nakuambia kuhusu vidonda. Yule mwanamume alikuwa anafika saa anayotaka. Kuna siku nilirudi kutoka kisiwani nikamkuta baba amelala kwenye mkojo wake, shuka imeshikana na ngozi ya kiuno. Nilipoivuta alilia. Baba yetu! Hakulia mama alipokufa, alikuwa anatazama tu dari, lakini siku ile alilia kwa sauti na Linet alikuwa amesimama nje ya mlango hawezi kuingia, ameshika beseni la maji ya moto, anaita jina langu. Nilimfukuza yule mtu siku hiyo hiyo. Nikakaa nyumbani na baba wiki nzima, na wenye boti wakaanza kupeleka mashine zao kwa fundi mwingine.

Ndipo Achieng akaja. Hakuomba kiti. Aliuliza, "Maji yako wapi?" Akaingia, akamfunua, akatazama vile vidonda, akasema, "Mletee chumvi na kitambaa kisafi." Kufikia Pasaka vilikuwa vimefunga.

Unasema amepata njia ya kurudi. Dada, hakujirudisha mwenyewe, na mimi sikumwita. Kuna aliyemwita. Siwezi kukuambia ni nani kwa sababu nilikatazwa.

Kuhusu anapolala, njoo uone mwenyewe.

Frankline


Homa Bay,
13 Julai 2025

Frankline,

Sisi wazima.

Nani amekukataza? Katika boma lile mkubwa wako ni baba, na baba hawezi kutamka maneno matatu yakaeleweka. Unajificha nyuma ya mtu asiyekuwepo.

Nilikuuliza swali la kitanda, hukujibu. Mimi nimechukua kimya chako kuwa jibu.

Nimempigia simu Mjomba Ratemo. Amesema dada yake hakuzaliwa ili kitanda chake kilaliwe na mwingine kabla udongo haujakauka. Atakuja Sori yeye na wanawe. Nimemwambia asimguse mtu. Amesema hilo hawezi kuliahidi.

Filister


Sori,
10 Agosti 2025

Dada Filister,

Salamu za nyumbani nitaziandika mwisho leo.

Mjomba Ratemo alikuja Jumamosi na wanawe wawili, kwa gari la kukodi kutoka Migori. Hawakupita kwangu. Walikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa baba. Achieng alikuwa ndani anamlisha uji. Mjomba akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Mwanamke, toka nje. Hili ni boma la dada yangu."

Achieng akasema, "Acha amalize kikombe."

"Nimesema toka!"

"Nimesikia, shemeji. Kikipoa hanywi."

Kijana mkubwa wa mjomba akaingia akamshika mkono. Uji ukamwagika kifuani kwa baba. Ndipo baba akafanya jambo ambalo hajafanya tangu apooze. Alijaribu kusimama. Alishika nguzo ya kitanda kwa mkono wake mzima, akajivuta, mguu ukakataa, akaanguka kichwa kikagonga ukuta. Nilifika nikikimbia, nikamkuta yuko chini, damu inatoka juu ya jicho, na bado mkono wake umeshika upindo wa nguo ya Achieng. Hakuuachia. Tulimwinua watu watatu, na hakuuachia.

Dada, hapo nilivunja ahadi niliyompa mama. Nilimwambia mjomba mbele ya wote, na sasa nakuambia wewe.

Aliyemwita Achieng ni mama.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mama aliniambia twende Migori akaangaliwe tumbo. Daktari alitutoa nje mmoja mmoja. Mimi aliniambia uvimbe umeenea, hakuna cha kukata. Sikujua yeye ameambiwa nini. Tulipofika kwenye pikipiki akaniambia, "Usielekee nyumbani. Nipeleke Osiri." Nikamuuliza Osiri kuna nini. Akasema, "Endesha."

Unajua Osiri ilivyo. Mashine za kusaga mawe zinapiga kelele, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mama alishuka akaanza kuuliza wanawake wanaoponda mawe, mmoja baada ya mwingine, ameshika tumbo. Tukampata Achieng chini ya paa la mabati, anawauzia wachimbaji chapati na maharagwe. Hakuna mwanaume pale mwenye pesa za haraka. Kuna sufuria mbili na benchi. Alipomwona mama alisimama na upawa mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado hakuna," mama akasema. "Nipe maji, nyieka."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akitamka neno hilo. Alimwita mke mwenzangu, kwa Kijaluo, na lafudhi yake ile ile ya Kisii. Wakakaa. Mama akamwambia kila kitu, jinsi baba alivyo, na kwamba yeye hatafika mvua ya Machi. Achieng akamsikiliza, halafu akasema, "Mong'ina, mtoto wangu alipokufa, Otieno hakunisemesha mwaka mzima. Mwaka mzima, kama mimi ndiye niliyemuua. Sikuondoka kwa sababu ya mwanaume mwingine. Niliondoka kwa sababu nilikuwa nasahau sauti yangu. Leo nirudi nimwogeshe?"

Mama akasema, "Ndiyo."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hakuna mwingine aliye hai anayeruhusiwa kumwona alivyo. Watoto hawawezi. Mkwe hawezi. Mtu wa kuajiriwa atamwinua kama mzigo. Mimi simwachi Otieno kwa mtu wa kuajiriwa."

"Na alivyonitenda?"

"Alivyokutenda najua. Nilikuwepo. Sikuombi umsamehe. Nakuomba umgeuze asioze."

Achieng akamfungia mama chapati mbili kwenye karatasi. Tulipokuwa tunaondoka mama akasimama, akamwambia, "Kaburi la mtoto halina nyasi. Nalipalilia kila mwaka nikimaliza shamba la njegere. Sisemi hivyo ili uje. Nimeona tu ni vizuri ujue." Achieng akajifunika uso kwa leso, na mpaka tunafika barabarani hakuwa amejifunua.

Njiani mama aliniambia, "Filister asijue nilikuja huku kuomba. Aliwahi kuniona siku moja nimeinama. Sitaki anione mara ya pili."

Ndiyo siri yote. Mjomba alisikiliza amesimama. Halafu akaketi juu ya kinu. Baadaye akaomba maji ya kunawa, akamfunga baba kile kidonda cha jicho yeye mwenyewe. Alipoondoka alimrudisha kijana wake aingie kumwomba Achieng radhi.

Baba ameshonwa. Linet na watoto hawajambo.

Njoo nyumbani, Dada.

Frankline


Sori,
5 Oktoba 2025

Dada Filister,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Bashir anasema Habon alikukabidhi ile ya kwanza mkononi. Sijui kama umekasirika kwa sababu nilikuficha au kwa sababu nilikuambia.

Mahindi tumevuna. Valary ameacha kugonga ule mlango. Alipoacha, Linet akaingia chumbani akalia, eti afadhali alipokuwa anagonga.

Baba amedhoofika tangu alipoanguka. Anachanganya watu. Mimi ananiita jina la ndugu yake aliyezama zamani. Kama una la kumwambia, usingoje Desemba.

Achieng ameniambia atarudi Osiri kabla ya ibada, asikuzuie kumsomea mama. Mfuko ameshaufunga. Nikamuuliza, na baba? Akasema atakaa kule mpaka wageni waondoke, halafu arudi. Nijibie wewe.

Nduguyo,
Frankline


Homa Bay,
9 Novemba 2025

Ndugu yangu Frankline,

Natumaini umerudi salama kutoka kisiwani Mfangano na zile mashine zimekubali kuwaka. Shemeji yako sasa anatembea mpaka sokoni na kurudi akiwa na maneno mengi kuliko vitu. Kidato cha nne bado wanafanya mtihani, na mimi nagawa chai ya alfajiri.

Bila shaka Linet amekwambia nilikuja ukiwa kisiwani, na nikaondoka kabla hujarudi. Lakini Linet alikuwa sokoni na watoto nilipofika. Niliyoyaona niliyaona peke yangu, na nataka uyasikie kutoka kwangu.

Sikumpigia mtu simu. Nilishuka pale njia panda nikatembea. Nilikuwa nimepanga maneno, Frankline. Nilikuwa nimeyapanga tangu Agosti, na kila nilipoyaandika kwenye karatasi nikayachana, ndiyo sababu hukupata jibu. Sikuwa nimekasirika kwa sababu ulinificha. Nilikasirika na mama. Niliona amepiga magoti mbele ya yule mwanamke mara ya pili, na safari hii kwa hiari yake, na sikuwa karibu hata kumpelekea kuni.

Nilianzia nyumba ya mama. Nilitaka kukiona kile kitanda. Mlango ulikuwa na kufuli. Nikachungulia dirishani. Kitanda kimetandikwa shuka yake ya maua, viatu vyake viko chini yake vikiangalia mlango, sakafu imefagiwa. Hakuna aliyelala pale. Nikazunguka mpaka jikoni. Nikaona mkeka wa mafunjo umekunjwa nyuma ya mafiga, leso moja, na ule mfuko uliofungwa. Mwanamke wa umri ule analala kwenye majivu. Na wewe ukakataa kuniandikia! Ungeandika neno hilo moja, mjomba asingekuja na fimbo. Baba asingeanguka. Hilo bado sijakusamehe, na nikija tutaligombania vizuri, uso kwa uso.

Nikasikia maji. Nikaenda mpaka dirisha la baba, nikasimama pembeni, sikutazama ndani. Nilikuwa nasikiliza tu. Kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa. Achieng anamwambia, "Inua mkono. Huu mwingine. Vizuri." Baba akanung'unika kitu. Halafu akaita, na neno lilitoka safi, Frankline, kama kabla hajapooza.

"Mong'ina."

Maji yakanyamaza. Nikasema moyoni, sasa nitamjua huyu mwanamke ni nani. Atasema, mimi ni Achieng. Ana haki ya kusema hivyo. Kwa mwaka mzima baba alikataa kulitamka jina lake, na leo anamwita la mwingine.

Akaitika, "Nipo."

"Mong'ina."

"Nipo hapa, Otieno. Geuka nikusugue mgongo."

Sijui nilisimama pale muda gani. Alipotoka na beseni akanikuta. Tulitazamana. Amezeeka, Frankline. Mimi nilikuwa nimembeba kichwani akiwa msichana mwenye hereni.

Akasema, "Filister. Naondoka wiki ya kwanza ya Desemba. Mwambie ndugu yako asiwe na wasiwasi."

Nikamwambia, "Nimekusikia ulivyoitika."

"Huwa inamtuliza."

"Na wewe?"

Akamwaga maji kwenye migomba. Akasema, "Mimi nilishazoea. Mwanzoni nilimkatalia. Nilikuwa namwambia, Mong'ina amekufa. Kila nikimwambia, anasikia kama ni mara ya kwanza. Anapiga kichwa kwenye ukuta. Nikaona nani anafaidika?"

Nikaingia kwa baba. Alikuwa amevalishwa shati la kijani, amepakwa mafuta, ananukia. Akanitazama muda mrefu, hakunijua. Nikamshika mkono. Nikakaa. Achieng akaniletea chai, na akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwetu, kama anayelinda mlango. Sikumwomba aingie. Nakuambia ukweli, bado sikuweza. Nilimuuliza tu, "Mama alikuwa mtu wa namna gani kwako?" Akasema, "Alinifundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi."

Nilirudi huku nikatoa maisha ya mama niliyokuwa nimeandika. Yale ya mama mzazi yamekamilika. Nimeandika tulivyolelewa, na ndizi, na wanawake aliowazalisha. Yale ya nyanya yamekamilika, Valary yumo, na mlango aliogonga. Lakini pale panaposema mke, nimeandika nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mimi sikuwahi kuwa mke pamoja naye. Kuna mtu mmoja aliye hai aliyemwona akiwa mke, akiwa ndani ya ndoa ile ile, na amefunga mfuko wake anataka kwenda kujificha Osiri.

Mwambie aufungue. Mwambie kwamba tarehe kumi na tatu mimi nitasoma yangu, na sehemu ile nitamwachia yeye aizungumze kwa mdomo, kwa Kijaluo, mbele ya kanisa na Mjomba Ratemo na kila mtu. Mjomba nimeshampigia. Akasema, "Awekewe kiti."

Na wewe, acha boti za watu kidogo. Bashir anakuja wiki hii na mabati na misumari. Yapokee. Umtafute fundi, umtoe baba nje kwenye kiti aone kazi ikianza, na msimamishe nyumba pale pale ile ya kwanza ya Achieng ilipokuwa kabla haijaanguka, pale mnapopanda mihogo. Ing'oeni mihogo. Nataka nikifika nikute ukuta umekandikwa, hata kama bado ni mbichi. Mama mdogo halali jikoni.

Wasalimie wote. Yeye pia.

Dadako,
Filister